Mshono wa tumbo baada ya upasuaji rekebishi: dalili unayoiona nyumbani na la kufanya

Kazi yangu ni kufunga vidonda majumbani, hapa Dar es Salaam. Zamani simu zangu za usiku zilikuwa za kisukari na ajali za bodaboda. Siku hizi nyingi ni za mshono wa tumbo. Dada ameondolewa nyama uzembe, kama si hospitali ya Mloganzila basi Nairobi, India au Istanbul. Ameruhusiwa, amerudi na karatasi ya Kiingereza na mfuko wa dawa, na sasa amesimama mbele ya kioo hajui anachokiona ni kupona au ni kuharibika. Mara nyingi ananong'ona, kwa sababu nyumba nzima haijui kwamba alikwenda kufanyiwa upasuaji.

Nianze hapo hapo kwenye kunong'ona. Mmoja wa wagonjwa wangu aliaga kwao kwamba anakwenda semina Dodoma, kumbe alikuwa amelala gesti peke yake siku ya nane baada ya upasuaji, ana homa ya siku tatu, anajitibu malaria. Kidonda chake kilikuwa kinatibika tangu siku ya kwanza ya homa. Kilichomfikisha kulazwa wiki mbili ni kukosa mtu wa kumwambia. Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote ile, chagua mtu mmoja, awe dada, mama mdogo, jirani au mume. Ajue umefanyiwa nini, tarehe gani, na namba ya daktari iko wapi. Sababu zako za kufanyiwa si lazima azijue.

Mengi hapa ninayaandika kwa upasuaji wa tumbo, maana ndio mshono mrefu kuliko yote na ndio wenye vituko vingi. Wa matiti au mikono atachukua kinachomhusu.

Kwanza, ya kawaida yakoje

Daktari amekata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, ameivuta ngozi ya juu ishuke, ametoa iliyozidi, na mara nyingi ameifunga misuli ya katikati iliyoachana kwa sababu ya uzazi. Kitovu kimebaki kwenye shina lake, kikatobolewa tundu jipya. Ngozi imevutwa kama ya ngoma, ndiyo maana unatembea umeinama kama bibi kizee wiki ya kwanza hadi ya pili. Usijilazimishe kunyooka. Lala chali, mito nyuma ya mgongo na mwingine chini ya magoti, ili mshono usivutwe.

Uvimbe unapanda hadi kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha unashuka polepole. Jioni tumbo litakuwa kubwa kuliko asubuhi, na hali hiyo inaweza kwenda miezi kadhaa. Ganzi chini ya kitovu ni ya kawaida na hukaa miezi. Vichomi vya ghafla kama mtu kakugusa na sindano ni mishipa ya fahamu inarudi.

Piga picha kila asubuhi, sehemu moja, mwanga uleule, mbele na pande zote mbili. Jicho la mwenye kidonda linadanganyika kwa hofu, lakini picha ya jana na ya leo zikiwekwa pamoja zinasema kweli. Linganisha kushoto na kulia pia. Kinachotokea pande zote mbili sawasawa, kikiwa kinapungua, mara nyingi ni kupona. Upande mmoja unapoanza kwenda njia yake, piga simu.

Jambo jingine kwa ngozi zetu: vitabu vinasema maambukizi ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au zambarau, inang'aa kama imepakwa mafuta, imekaza. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono: gusa kando ya mshono, kisha gusa paja. Tofauti ya joto utaisikia.

Upande mmoja umevimba ghafla, umekaza, maumivu yanapanda

Kama ni ndani ya siku mbili za kwanza, fikiria damu imevilia ndani. Mshipa mdogo uliokuwa umefungwa umeachia, pengine presha ilipanda, pengine ulikohoa au ulijikaza ukiinuka. Mfuko wa mrija wa kutoa maji unajaa damu nyekundu mbichi, unaumwaga, unajaa tena. Unaweza kusikia kizunguzungu na moyo unakwenda mbio.

Hapa hakuna dawa ya nyumbani. Lala, usile wala kunywa kwa sababu huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji, mpigie daktari ukiwa tayari njiani kwenda hospitali. Nenda kwa gari. Bodaboda na bajaji kwenye matuta ya barabara zetu zitauvuta mshono uliobaki.

Kigimbi kimoja kinauma, au pumzi imekuwa fupi

Hii ndiyo inayoua. Kati ya upasuaji wote wa urembo, wa tumbo ni miongoni mwa yenye hatari kubwa ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwa sababu unalala sana, misuli ya tumbo imebanwa, na mkanda unabana nyonga. Bonge la damu linaanzia kwenye kigimbi au paja, likikatika linapanda hadi kwenye mapafu.

Dalili za mguu: mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, unauma ukiubonyeza au ukitembea. Dalili za mapafu: pumzi inakatika ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, moyo unadunda, unakohoa makohozi yenye damu, au unazimia. Usikandwe mguu huo. Narudia kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mama au shoga atataka kukusaidia nalo: usikandwe, usichuliwe. Nenda hospitali kubwa yenye kipimo cha mishipa, na ukifika tamka wazi, "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo siku kadhaa zilizopita." Ukificha hilo, daktari wa zamu ataanza kutafuta pumu au vidonda vya tumbo, na saa zinakwisha.

Wanaorudi kutoka Istanbul wana mzigo wa ziada, kwani safari ya ndege hadi Dar ni takriban saa saba za kukaa. Usikubali kupakiwa ndegeni mapema kwa sababu tu tiketi imeshakatwa. Daktari aliyekupasua akuruhusu, na umuulize kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda. Ndani ya ndege inuka, tembea, nyoosha na kukunja vifundo vya miguu, kunywa maji. Nyumbani, kuanzia siku ya kwanza, zunguka chumbani kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, hata kama umeinama. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwambie daktari, maana vinaongeza hatari hii. Hatari yenyewe haiishi wiki ya kwanza, inakwenda wiki kadhaa, kwa hiyo kigimbi cha wiki ya nne kipe heshima ileile.

Homa

Dar mtu akipata homa anakwenda duka la dawa kununua dawa mseto. Kwako wewe mwenye mshono, homa ina maswali yake. Pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa kiganja. Joto dogo siku ya kwanza na ya pili mara nyingi ni mwili unapambana na jeraha la upasuaji. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa umeshikilia mto tumboni, kwa sababu mapafu yasiyojazwa vizuri huweza kuleta nimonia, nayo huja na homa. Kama uliwekewa mpira wa mkojo na sasa kukojoa kunachoma, huenda ni njia ya mkojo.

Joto likifika nyuzi 38 au kuzidi kuanzia siku ya tatu, shuku mshono mpaka uthibitishwe hauna kosa. Kapime malaria, sawa, lakini siku hiyohiyo mshono utazamwe. Malaria na usaha vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Na ukiwa unameza paracetamol kila baada ya saa sita kwa ajili ya maumivu, jua kwamba inaishusha homa pia, kwa hiyo pima kabla ya kumeza, si baada.

Maambukizi yenyewe huanza zaidi kati ya siku ya 3 na ya 10. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yanageuka na kupanda. Ngozi ina joto, imekaza, majimaji yanayotoka yamekuwa mazito, ya kijani au ya maziwa, yana harufu. Chukua kalamu ya wino, chora mpaka wa eneo lenye joto, andika saa pembeni. Ukikuta baada ya saa chache limevuka mstari, usisubiri asubuhi. Na ukikuta maumivu makali mno kuliko unavyoonekana mshono, ngozi inageuka rangi ya majivu au zambarau, malengelenge yanajitokeza, hali inabadilika saa kwa saa, hiyo ni dharura ya kukimbilia upasuaji. Ni nadra, lakini haitibiwi kwa vidonge.

Dawa za kuua bakteria zipatikane baada ya kidonda kutazamwa. Kumwagia unga wa kapsuli za rangi mbili juu ya mshono ni desturi niliyoikuta nyumba nyingi, nzuri na duni. Unga huo hauingii ndani ulipo usaha. Unagandamana na majimaji, unatengeneza kigaga kizuri juu, na chini yake mambo yanaharibika kimya kimya.

Mrija

Mrija wa kutoa maji, wengi wanauita dreni, unawatesa watu zaidi kwa wasiwasi kuliko kwa madhara. Mwaga mfuko asubuhi na jioni, pima kwa mililita, andika kwenye daftari. Rangi inatakiwa isafiri: nyekundu, kisha pinki, kisha njano ya majani makavu. Mara nyingi unatolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, na anayeamua ni daktari.

Kama mfuko hauna kitu ghafla na bandeji imelowa kuzunguka tundu, mrija umeziba. Nawa mikono, shika mrija karibu na ngozi kwa vidole viwili vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa vidole vya mkono mwingine minya ukishuka kuelekea kwenye mfuko, kama unavyokamua maziwa. Hakikisha mfuko umebonyezwa kabla ya kuufunga, maana usipobonyezwa hauvuti. Umechomoka? Usiurudishe hata kama umetoka nusu tu. Weka shashi safi, piga simu. Rangi ikirudi nyuma, kutoka njano kwenda nyekundu, umefanya kazi nyingi, au umebeba mtoto. Pumzika, na ikiendelea toa taarifa.

Tumbo linacheza kama lina maji

Mrija umetolewa, siku chache zimepita, na sasa ukibonyeza upande mmoja mwingine unapanda, kama mfuko wa plastiki wenye maji. Si usaha wala mafuta yamerudi. Ni majimaji ya mwili yamejikusanya kwenye nafasi iliyobaki kati ya ngozi na misuli, na ndiyo shida ya kawaida kuliko zote baada ya upasuaji huu. Daktari anayavuta kwa sindano kliniki, na kwa sababu eneo lina ganzi wala huumii sana. Huenda akarudia mara mbili au tatu. Machache hunywewa na mwili yenyewe.

Ukiyaacha mengi yanaweza kuambukizwa, au kujijengea gamba likabaki bonge gumu. Wapo wanaotafuta mtu wa mtaani mwenye sindano. Nimeona kilichofuata baada ya sindano ya namna hiyo, na ninakuomba kwa dhati usithubutu.

Kinena kimevimba

Wanaulizia mwishoni kabisa, tukiwa mlangoni, kwa aibu. Kinena na midomo ya uke vinavimba na kuwa vyeusi siku za mwanzo, kwa sababu majimaji na damu iliyovilia hushuka chini kama maji yoyote. Kunaweza kutisha ukubwa wake. Kunapungua kwenyewe ndani ya wiki mbili tatu, lala na miguu imeinuliwa kidogo, vaa nguo isiyobana hapo. Kinachohitaji daktari ni kushindwa kabisa kukojoa, uvimbe wa upande mmoja tu unaozidi, au joto na maumivu makali.

Mkanda wa kubana, mkaja na maji ya moto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo upendo wa nyumbani unapoharibu mshono.

Mama zetu wanajua tumbo la mzazi: mzazi anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga. Wakikuona umelala na tumbo lina mshono, mikono inawawasha kukusaidia hivyohivyo. Nimemkuta dada ana lengelenge la ukubwa wa kiganja chini ya kitovu, na hakuwa amesikia chochote wakati taulo la moto linawekwa. Ndiyo ganzi niliyoitaja. Ngozi ile haina taarifa ya joto, na damu yake bado ni haba kwa sababu mishipa mingi imekatwa, kwa hiyo inaungua kwa joto ambalo paja lingelivumilia. Hakuna chupa ya maji ya moto, hakuna taulo la moto, na hakuna barafu moja kwa moja kwenye ngozi vilevile. Mwambie mama hivi: "Mama, hili si tumbo la uzazi, ngozi imeshonwa na haisikii moto." Kwa kawaida anaelewa. Mpe kazi nyingine, akupikie.

Na mkanda si mkaja. Mkaja unakazwa kila siku kidogo ili tumbo lirudi. Mkanda wa upasuaji unashikilia ngozi igusane na misuli, basi. Ukiukaza mno unakata damu ya ngozi ileile inayohangaika kuishi, na unakubana pumzi. Uwe unaweza kupitisha vidole viwili bapa chini yake. Ukikunjika, mkunjo unachimba mtaro kwenye ngozi, na asiye na hisia haujui mpaka avue. Vua mara mbili kwa siku, mtu akutazame mgongo na kiunoni. Kwa joto la Dar na Mombasa vipele vya joto na fangasi vinakuja haraka chini yake: kuwa na mikanda miwili, mmoja umevaliwa mwingine umefuliwa na kukauka juani, na ndani yake vaa singlendi nyepesi ya pamba.

Sehemu ya ngozi imekuwa nyeusi

Tofautisha. Damu iliyovilia ni bluu au zambarau, inageuka kijani na njano, inashuka na kufifia. Ngozi inayokufa hukaa palepale, mara nyingi katikati chini ya kitovu au kwenye kitovu chenyewe, inaanza na rangi ya kijivu au zambarau iliyokolea, inakuwa nyeusi kama ngozi ya kiatu, ngumu, na haina maumivu. Bonyeza kidogo: ngozi hai inapauka na kurudi.

Visababishi vikubwa ni mvutano, mkanda uliokazwa, kisukari, na nikotini. Sigara, shisha, ugoro, sigara za umeme, zote zinabana mishipa midogo inayolisha ukingo wa mshono. Madaktari hutaka uache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Kama ulidanganya kwenye fomu, mwambie daktari sasa, hatakugombeza kwa kiasi unachodhani. Kigaga cheusi usikibandue. Daktari ataamua kukikata au kukiacha kijitenge, na kidonda kitafungwa kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kovu litakuwa pana, lakini linaweza kurekebishwa baadaye.

Mshono umeachia

Mara nyingi ni katikati, ambako ngozi imevutwa kuliko kote, katika wiki ya pili au ya tatu, wakati mtu anajiona amepona. Anainua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20. Anambeba mtoto. Anasukuma choo kigumu. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, yeye akafikiri kizito ni gunia.

Upenyo mdogo wa juujuu, usio na usaha, hufungwa kwa shashi iliyoloweshwa maji safi ya chumvi ya hospitali, hubadilishwa kila siku, na hujaza wenyewe kutoka chini. Hautashonwa tena papo hapo, kwa sababu kushona kidonda kilichokwisha kufunguka ni kufungia bakteria ndani. Hilo wengi hulalamikia, wakidhani wametelekezwa. Upenyo mpana, wenye kina, au unaoonyesha mafuta ya njano au nyuzi, funika kwa shashi safi yenye unyevu na nenda siku hiyohiyo.

Choo kigumu kina sehemu yake kwenye hadithi hii. Tramadoli na dawa za jamii yake zinalaza utumbo. Anza papai, ukwaju, mboga za majani na maji mengi tangu siku ya kwanza, na umwombe daktari dawa ya kulainisha choo kabla hujafunga siku tatu. Kwa kujenga ngozi unahitaji protini: mayai, samaki, dagaa, maharage, maziwa. Huu si wakati wa kujinyima ili tumbo jipya lisiharibike. Anayefunga kula baada ya upasuaji, mshono wake unamwonyesha. Kwa waumini wa Kiislamu, mgonjwa anasali kwa kuketi au kulala, na rukuu na sujudi zisubiri mpaka daktari akuruhusu kuinama.

Maumivu yasiyoshuka

Paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini. Angalia dawa za mafua, nyingi zina paracetamol hiyohiyo. Diclofenac na ibuprofen usianze bila ruhusa siku za mwanzo, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu. Maumivu yanayoshuka kidogo kila siku ni mazuri hata kama bado yapo. Yakigeuka kupanda baada ya siku ya tatu, rudi juu kwenye homa na damu iliyovilia.

Kama ulidungwa sindano ya mgongo na kichwa kinapasuka ukikaa, kinatulia ukilala, ni majimaji ya uti wa mgongo yanavuja kidogo. Lala, kunywa maji na chai au kahawa, mwarifu daktari. Lakini kichwa kisichotulia, shingo ngumu, mwanga unaumiza macho, hata kama zimepita wiki, ni hospitali. Mwaka 2023 wagonjwa waliochomwa sindano ya namna hiyo kwenye kliniki mbili za urembo mjini Matamoros, Mexico, walipata fangasi kwenye utando wa ubongo, na baadhi walifariki. Dalili ya mwanzo kwa wengi ilikuwa hiyo ya kichwa.

Mwasho, vipele, nyuzi

Vipele vinavyofuata umbo la plasta ni mzio wa gundi. Ibadilishwe kuwa plasta ya karatasi. Vikifuata mahali ulipopaka, ni ulichopaka: spiriti, Dettol, manjano, shubiri, asali ya dukani, mafuta ya nazi. Mshono uliofungwa vizuri unataka maji safi na sabuni laini, povu lipite juu yake bila kusugua, kisha taulo safi ya kugusisha tu. Maji ya bombani usiyoyaamini yachemshe, yapoe. Kuoga anza siku aliyokupa daktari, kwa kujimwagia, usikae ndani ya beseni, na bahari isubiri mpaka kila kitu kimefunga. Kitovu kikaushe kwa pamba ya kijiti, maana unyevu wake ndio harufu ya kwanza.

Kipele kimoja kwenye mstari wiki ya tatu hadi ya nane, kinatoa usaha kidogo na ncha nyeupe, ni uzi wa ndani ambao mwili umeukataa. Usiuvute. Nesi ataukata kwa mkasi safi na pafunge kwa siku chache.

Kovu linainuka

Miezi miwili mitatu ya kwanza kovu lolote ni jeusi na gumu. Likiinuka lakini likabaki ndani ya mstari wake, linaweza kutulia lenyewe kwa mwaka mmoja au zaidi. Likivuka mstari na kuendelea kukua, linawasha na kuuma, ni keloidi, na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi hutokea zaidi. Kama una keloidi ya sikio au ya chanjo, hukupaswa kungoja: daktari aambiwe kabla ya kisu.

Mshono ukishafunga kabisa, plasta au jeli ya silikoni, saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi mitatu, ndiyo yenye ushahidi. Keloidi inayoanza inachomwa sindano ya triamcinolone na daktari wa ngozi, mapema ni rahisi kuliko baadaye. Mkorogo usiguse hapo. Watu wanaupaka ili kovu lifanane na tumbo. Una steroidi, haidrokwinoni, mara nyingine zebaki, na unachokipata ni ngozi nyembamba kuzunguka kovu lilelile.

Bonge jipya baada ya wiki au miezi

Ulishapona, ulishavaa gauni lako, na sasa kuna uvimbe mdogo kando ya mshono, unapasuka, unatoa maji, unafunga, unatokea mwingine. Dawa za kawaida hazifui dafu. Mwaka 2013 na 2014 wanawake kutoka Marekani waliokwenda kufanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika walirudi na hali kama hii, na kilichokuwamo ni Mycobacterium abscessus, ndugu wa mbali wa kimelea cha kifua kikuu anayeishi majini na udongoni. Mara nyingi haonekani kwenye kipimo cha kawaida cha usaha, na hafi kwa Ampiclox.

Kwa hiyo usikubali kozi ya tatu ya dawa zilezile. Mwombe daktari achukue kipande cha bonge, siyo kupangusa juu tu, kiende maabara kuoteshwa kikitafutwa pia vimelea vya jamii ya kifua kikuu. Mpe ile karatasi ya Kiingereza uliyorudi nayo, na umwambie ulipasuliwa nchi gani, mwezi gani.